Mabehewa ya tangi ya treni za mfano: maswali ya ukubwa na skeli yanayoulizwa mara kwa mara

Swali linalonifikia kuliko mengine yote huanza hivi: "Nimepanga matangi mawili ya HO mezani, moja linaonekana mtoto wa mwenzake. Lipi limekosewa?" Mara nyingi hakuna lililokosewa. Majibu yaliyo hapa yanahusu zaidi mabehewa ya Marekani, kwa kuwa ndiko modeli nyingi za tangi zinakotoka. Reli zetu zimetengewa swali la 15.

## Mambo ya awali

1. Skeli na geji ni kitu kimoja?

Hapana, na wengi hununua vibaya kwa kuchanganya haya mawili. Skeli ni uwiano kati ya modeli na behewa halisi. HO ni 1:87.1, maana yake kila kipimo cha behewa halisi kimegawanywa kwa 87.1. Geji ni upana kati ya reli mbili. Treni za HO hukimbia kwenye geji ya milimita 16.5. Zidisha kwa 87.1 utapata milimita 1437, karibu kabisa na milimita 1435 za reli halisi ya Marekani.

Tatizo ni kwamba geji moja hubeba skeli kadhaa. Kwenye milimita 16.5 hizohizo Waingereza huendesha OO, ambayo ni 1:76.2. Kwa hiyo behewa kukaa vizuri kwenye reli zako si ushahidi kwamba ni la skeli yako.

2. Futi moja ya behewa halisi ni milimita ngapi kwenye modeli?

- O ya Marekani (1:48): milimita 6.35
- S (1:64): milimita 4.76
- OO (1:76.2): milimita 4
- HO (1:87.1): milimita 3.5
- N (1:160): milimita 1.9

Hiyo 3.5 ya HO ishike kichwani. Behewa la futi 60 ni milimita 210, la futi 40 ni milimita 140. Ukiwa dukani na rula ya shule tu, inatosha.

3. Kwa nini matangi mawili ya skeli moja yanapishana ukubwa hivi?

Kwa sababu na yale halisi yanapishana vilevile. Behewa la mizigo mikavu hufuata ukubwa wa njia, lakini la tangi hufuata uzito wa kile kilichomo ndani. Reli huweka kikomo cha uzito wa jumla, behewa na mzigo wake. Kwa matangi ya Marekani kikomo hicho kwa muda mrefu kilikuwa pauni 263,000, yaani tani 119 na ushee. Mhandisi huanzia hapo na kurudi nyuma: kimiminika hiki kina uzito gani kwa lita, basi lita ngapi zitafikisha uzito huo?

Asidi ya salfuriki iliyokolea ina uzito wa kilo 1.84 kwa lita. Tangi lake hujazwa galoni kama 13,000 au 14,000 na behewa limeshafika kikomo. Gesi ya kupikia, ile tunayoinunua kwa mtungi, ikiwa kimiminika ina uzito wa takribani nusu kilo tu kwa lita. Tangi lake linakwenda hadi galoni 33,000 na zaidi. Katikati yake kuna sharubati ya mahindi yenye matangi ya galoni 17,000 hadi 19,000, na ethanoli kwenye matangi ya galoni kama 30,000.

Yapange matatu kati ya hayo kwenye njia moja: la asidi fupi, la sharubati la wastani, la gesi refu kama nguzo ya umeme iliyolazwa. Yote ni ya enzi moja na yote yamebeba mzigo kamili. Ukiyaona hivyo kwenye modeli, usimlaumu aliyeitengeneza.

Ongeza na tofauti ya enzi. Behewa la miaka ya 1920 la galoni 8,000 au 10,000 likisimama karibu na la gesi la miaka ya 1970 hufanana na kopo la maziwa kando ya pipa.

4. Hizo galoni ni zipi? Kwetu galoni ni dumu.

Galoni ya Marekani ni lita 3.785. Ya Uingereza ni lita 4.546. Modeli ya OO ikiandikwa galoni, ni za Uingereza, nazo ni kubwa kwa kama asilimia 20. Dumu la nyumbani halihusiki, ingawa nimewahi kuulizwa kwa uzito kabisa kama galoni 10,000 ni madumu 10,000 ya lita 20.

## Kupima

5. Nipime wapi hasa?

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Behewa la tangi lina "urefu" wa aina tatu: urefu wa tangi lenyewe, urefu wa fremu, na urefu kutoka kiungio hadi kiungio. Mmoja anasoma kitabuni urefu wa kiungio hadi kiungio, mwenzake anapima tangi, kisha wanabishana usiku kucha. Kwanza ujue nambari uliyonayo inazungumzia urefu upi.

Mimi hupima vitu vitano: urefu wa tangi, kipenyo chake, urefu wa fremu, kimo kutoka juu ya reli, na kipenyo cha gurudumu. Kalipa ya vernia, ileile tuliyosumbuana nayo kwenye fizikia, inafaa kuliko rula, hasa kwa kipenyo. Rula ikiteleza milimita moja kwenye kipenyo cha HO, umekosea inchi tatu na nusu za behewa halisi.

Usilidharau gurudumu. Mabehewa ya kubeba tani 70 kushuka chini hutumia magurudumu ya inchi 33, na ya kubeba tani 100 hutumia ya inchi 36. Kwa HO hizo ni milimita 9.6 na 10.5, kwa O ya Marekani ni 17.5 na 19. Gurudumu ndilo shahidi wangu wa kwanza, ila hakikisha halijabadilishwa na mwenye mali wa awali.

6. Sina kitabu wala mchoro wa behewa halisi. Nianzie wapi?

Soma maandishi ya behewa lenyewe. Kwenye behewa halisi la Marekani ujazo wa tangi kwa galoni huandikwa kwenye vichwa vya tangi, yaani ncha zake mbili za mviringo. Modeli nzuri hunakili maandishi hayo, madogo kama mayai ya chawa. Tumia kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu uikuze.

Ubavuni utakuta herufi za mwenye behewa. Zikiishia na X, behewa ni la kampuni binafsi, si la shirika la reli. Karibu matangi yote ya Marekani yako hivyo: UTLX ni Union Tank Car, GATX ni General American, ACFX ni ACF, yaani American Car and Foundry. Ukiwa na galoni, enzi na mwenye mali, umeshapunguza msitu ukawa kichaka.

7. Naweza kuhakiki skeli kwa kutumia galoni?

Ndiyo, kwa hesabu ya mche duara tu. Mfano kutoka mezani kwangu: tangi la HO, kipenyo milimita 25.4, urefu milimita 113. Zidisha kila kimoja kwa 87.1 upate mita 2.21 na mita 9.84. Eneo la duara ni mita za mraba 3.84. Zidisha kwa urefu, unapata mita za ujazo 37.8. Gawanya kwa 0.003785: galoni karibu 10,000. Mbinuko wa vichwa utapunguza kidogo, lakini umeshajua uko wapi.

Sasa kichekesho. Tangi hilo liliandikwa 8,000. Nilipoona galoni 2,000 zimezidi nikaanza kulaani skeli. Nikatulia, nikahesabu upya. Ujazo ukizidi kwa robo, urefu na kipenyo vimezidi kwa chini ya asilimia 8 kila kimoja, kwa sababu ujazo hupanda kwa nguvu ya tatu. Ingekuwa kosa la skeli, modeli ingekuwa kama 1:81. Nikapima gurudumu: milimita 9.6, sawasawa. Nafasi kati ya vidato vya ngazi nayo sawasawa. Kwa hiyo tangi lilikuwa 1:87 halali la galoni 10,000, na kampuni ililipaka maandishi ya ndugu yake mdogo ili kuuza umbo moja mara mbili. Kosa lilikuwa la rangi, na rangi hufutika.

8. Tangi la HO lingebeba maji kiasi gani kama lingekuwa tupu ndani?

La galoni 10,000 lingebeba mililita 57, yaani kikombe kimoja cha kahawa chungu ya barazani. Kwa N ni mililita 9, vijiko viwili vya chai visivyojaa. Kwa O ni mililita 342, karibu soda nzima ya 350. Hii ndiyo nguvu ya tatu niliyoitaja kwenye swali la 7. Usijaribu kwa maji halisi. Ukuta wa plastiki ni mnene mno kwa skeli, kwa hiyo utapata kidogo kuliko hesabu, na gundi itaachia.

## Skeli kwa skeli

9. Boksi limeandikwa "HO/OO". Ni ipi?

Maandishi hayo yanakwambia geji tu. Pima. Tofauti ya 1:76.2 na 1:87.1 ni asilimia 14, na jicho huiona kwenye ngazi na vishikio kabla ya kuiona kwenye tangi. Matangi mengi ya zamani ya Uingereza ni ya magurudumu manne tu, mafupi sana, kwa hiyo tangi la OO linaweza kuwa dogo kuliko la HO la Marekani ingawa skeli yake ni kubwa. Kulinganisha kwa jicho hapo ni kulinganisha mbuzi na ng'ombe ili kujua nani mzee.

Kwa OO, geji ndiyo iliyopotoka: 16.5 mara 76.2 ni milimita 1257, wakati reli ya Uingereza nayo ni 1435. Behewa sahihi, limesimama kwenye njia nyembamba.

10. Nina tangi la Lionel la babu, ni dogo kuliko matangi mengine ya O. Ni skeli gani?

Huenda ni la familia ya O27, na jibu la kweli ni kwamba halina skeli moja. Yalitengenezwa yapite kwenye kona kali za njia inayofanya duara la inchi 27, na yaingie kwenye boksi la zawadi ya Krismasi. Kwa hiyo tangi lilifupishwa na kupunguzwa unene, wakati magurudumu na viungio vilibaki vikubwa. Lile la kuba mbili lenye nambari 6465 ndilo watu wengi wanalo. Ukipima kipenyo utapata skeli moja, ukipima urefu utapata nyingine, ukipima gurudumu utapata ya tatu. Ni kitu cha kuchezea kizuri, cha kumbukumbu, na mimi simshauri mtu alifanyie hesabu ya swali la 7.

Tena hata O "ya kweli" ina dhambi yake. Geji ya inchi 1¼ mara 48 inatoa futi 5 kamili, wakati reli halisi ni futi 4 na inchi 8½. Waingereza hutumia 1:43.5 na Wajerumani 1:45 kwenye geji ya milimita 32, ambayo ni ileile kimsingi. Tangi la O la Ulaya likipangwa na la Marekani litaonekana limenona.

11. Na N?

Marekani na bara la Ulaya ni 1:160, Uingereza 1:148, Japani kwa reli zake za kawaida 1:150. Matangi ya Taki 1000 ya Kato ni ya Kijapani, kwa hiyo ni 1:150, na behewa halisi hukimbia kwenye geji ya milimita 1067, si 1435. Kwenye treni ya Kimarekani yataonekana ya kigeni kwa umbo kuliko kwa ukubwa.

12. "G" ni skeli?

Siyo. Ni geji ya milimita 45 iliyobeba ukoo mzima: 1:20.3, 1:22.5, 1:29, 1:32. Kila mmoja ana hoja yake. 1:32 ndiyo inayokubaliana na reli ya kawaida, 1:22.5 inakubaliana na reli ya mita moja, na 1:29 haikubaliani na yoyote ila inapendeza machoni. Usinunue tangi la G bila kuuliza namba.

## Vitu vidogo

13. Tangi liko sahihi, lakini bado lina sura ya kitoto. Kwa nini?

Vishikio. Kishikio cha chuma halisi kina unene wa robo tatu ya inchi, milimita 19. Kwa HO hiyo ni milimita 0.22, waya mwembamba hasa. Kikiumbwa pamoja na plastiki hutoka na milimita 0.5, ambayo ukiikuza ni bomba la zaidi ya inchi moja na nusu. Behewa la tangi halina kuta za kuficha aibu: reli ya kushikia inayolizunguka, ngazi, mikanda, mabomba ya breki, yote yako nje. Ndiyo maana tangi baya huonekana baya kuliko behewa la boksi baya.

Linalofuata ni magurudumu. Uso wa gurudumu la kawaida la HO una unene wa inchi 0.110. Ukiukuza unapata milimita 243, wakati gurudumu halisi lina kama 145. Kuna ya inchi 0.088, yanayoshuka hadi 195. Viungio navyo: Kadee namba 5 ni imara lakini kichwa chake ni kikubwa, namba 58 kina kichwa kilicho karibu na skeli. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, badilisha vishikio kwanza. Hivi viwili vingine mtazamaji havioni akiwa hatua moja kutoka mezani.

(Nikisema bogi kwenye ukurasa huu, namaanisha fremu ya magurudumu manne iliyo chini ya behewa, si behewa lenyewe kama tunavyosema stesheni.)

14. Je, uzito nao uwe wa skeli?

Behewa la pauni 263,000 likigawanywa kwa 87.1 mara tatu linatoa gramu 180. NMRA, chama cha treni za mfano cha Marekani kilichoanzishwa 1935, hupendekeza kwa HO aunsi 1 ya kuanzia, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 6 linapata aunsi 4, gramu 113. Pendekezo hilo linalenga behewa lisiruke reli. Skeli haikuwa hoja. Lifuate.

## Enzi na visa vya pembeni

15. Nataka kujenga treni ya mafuta ya Afrika Mashariki. Nichague skeli gani?

Anza na geji. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni ya milimita 1067. Skeli ya 1:64 kwenye reli za kawaida za milimita 16.5 inatoa 1056, na unanunua njia za HO madukani. Huko New Zealand na Australia ndivyo wanavyofanya kwa reli zao za 1067. Reli ya zamani ya mita moja, ya Kenya, Uganda na ile ya Kati ya Tanzania, inakaa vizuri kwenye 1:22.5 ya bustanini (45 mara 22.5 ni 1012) au 1:87 kwenye milimita 12 (1044). SGR zote mbili ni 1435, kwa hiyo ni HO ya kawaida.

Tangi lenyewe utajenga kwa mikono. Bomba la plastiki la fundi bomba hufanya tangi zuri. Pima kipenyo chake cha nje kwanza, ndipo uchague behewa halisi la kuiga, usianze kinyume. Na usichukue tangi la Marekani ukalibadilisha rangi tu: mabehewa ya reli hizi ni mafupi na mepesi kuliko ya Marekani, na anayeijua stesheni ya Morogoro ataliona mara moja.

16. Kuba linasema nini kuhusu ukubwa?

Kuba liliacha nafasi ya kimiminika kutanuka kikipata joto. Lilianza kutoweka miaka ya 1950, nafasi hiyo ikaachwa ndani ya tangi lenyewe. Kuba mbili au tatu maana yake tangi limegawanywa vyumba, si kwamba ni kubwa. Modeli yenye kuba na urefu wa futi 60 ni ya kutiliwa shaka. Aina ya 21 na ya 27 za ACF, zilizotolewa kwa HO na Proto 2000 na InterMountain, ni vipimo vizuri vya kulinganishia matangi ya kuba ya galoni 8,000 na 10,000.

17. Tangi langu la kisasa lina kipenyo kikubwa kuliko galoni zake. Hesabu imekataa.

Umepima koti. Matangi mengi yana tabaka la kuzuia joto, na juu yake bati jembamba. Ujazo uko ndani ya chuma usichokiona. Ondoa kama inchi 4 kila upande kisha urudie hesabu. DOT-117, kiwango cha matangi kilichotangazwa Marekani 2015 baada ya ajali ya treni ya mafuta ya Lac-Mégantic, Kanada, ya Julai 2013 iliyoua watu 47, kinataka chuma cha inchi 9/16 pamoja na koti na ngao kamili vichwani. Basi modeli yake ikionekana nene kuliko DOT-111, ya kiwango kilichotangulia, ya galoni zilezile, iko sawa.

18. Kuna tangi lenye tumbo kama nyangumi, futi 98. Ni la kubuni?

Lilikuwepo, na lipo. GATX 96500 ya mwaka 1965, galoni kama 60,000, bogi nne, sasa iko kwenye jumba la makumbusho ya usafiri St. Louis. Kwa HO ni milimita 343. Kwenye kona za rediasi ya inchi 18 zinazokuja na boksi la wanaoanza litafagia kila kitu kilicho pembeni mwa njia. Tangu mwishoni mwa 1970 matangi mapya yaliwekewa kikomo cha galoni 34,500, ndiyo maana hayakuzaa ukoo.

19. Naweza kuweka matangi ya N nyuma ya HO ili yaonekane ya mbali?

Unaweza, na tangi hufaa kuliko behewa lolote kwa kuwa mche duara hausaliti pembe. Gawanya 160 kwa 87.1 upate 1.84. Kama mtazamaji yuko sentimita 60 kutoka treni ya HO, ya N iwe sentimita 110 kutoka machoni pake, ndipo zote mbili zitaonekana za skeli moja. Tumia matangi ya galoni zilezile kwa HO na N, la sivyo unarudi swali la 3. Na vua ngazi za N zilizoumbwa nene, maana hizo ndizo zitakazokusaliti kwanza.